Mzee Aliyebaki Mashambani: Mvutano wa Wachumba katika Futuhi za Kibera na Kawangware

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia ndoa kwa mapana na kuugusa uchumba kwa mbali. Tamthilia zinazosomwa katika shule na vyuo vyetu aghalabu humkuta mwanamke akiwa tayari ameolewa, na mgogoro wake huwa ni wa mke na mume au wa mke na wakwe. Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi (1987), kwa mfano, humwingiza msomaji katika ndoa iliyokwisha kuoza na kumtaka atoe hukumu. Kipindi kinachotangulia ndoa, ambapo watu wawili hupimana nguvu kabla ya yeyote kuwa na haki juu ya mwenzake, kimeachiwa televisheni, filamu na vichekesho vya jukwaani. Yamkini ndiyo sababu kimechukuliwa kuwa mzaha usiostahili kalamu ya mhakiki.

Makala haya yanakusudia kuutazama mzaha huo kwa makini. Tumechagua mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, kwa sababu mbili. Kwanza, mitaa hii imekuwa mandhari ya kazi kadhaa zilizotungwa au kupigwa picha humo, na maisha yake yamekuwa kisima cha vichekesho vya mapenzi nchini Kenya. Pili, kila mmoja umepakana na utajiri ambao wakazi wake huutumikia: Kawangware imeegemea Lavington, nayo Kibera inatazamana na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi na njia ziendazo Lang'ata na Karen. Dai letu ni hili: katika futuhi za mitaa hii wachumba hugombania mamlaka kwa sababu mamlaka yenyewe yamekosa mwenyewe. Mzee aliyekuwa nayo amebaki mashambani. Futuhi iliyokomaa huyaacha mamlaka hayo mikononi mwa wale wawili mpaka waamue watakavyoyatumia. Ile dhaifu humwita mzee arudi, akiwa amevaa nguo nyingine.

Mzee kama kizingiti

Northrop Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), alieleza muundo wa futuhi ulioanzia kwa Wagiriki na Warumi wa kale. Kijana anampenda msichana. Mzee mwenye uwezo, mara nyingi baba, anawazuia. Hatimaye hila au bahati inamshinda mzee huyo, na jamii mpya inazaliwa katika karamu ya arusi. Jambo la kuzingatia katika muundo huu ni kwamba wapenzi wako upande mmoja. Hawana haja ya kugombana wao kwa wao, maana adui yao anajulikana na anakaa nje yao.

Hadhira ya Kenya haiuoni muundo huu kuwa mgeni. Mwaka 2012 waigizaji wa The Theatre Company ya Kenya waliigiza katika jumba la Globe, London, tafsiri ya Kiswahili ya The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare, kwa anwani ya Wanawake wa Heri wa Winsa, naye Mrisho Mpoto wa Tanzania akawa Falstaff. Kicheko kikubwa katika mchezo huo ni cha kumcheka Falstaff. Hata hivyo pembeni imo hadithi ya uchumba ya aina ile ile aliyoieleza Frye. Baba na mama wa Anne Page wamemchagulia binti yao mchumba, kila mmoja wa kwake, na binti anawahadaa wote wawili na kuolewa na Fenton. Mtu aliyewahi kukaa katika kikao cha posa hahitaji maelezo ya ziada kuhusu jambo hilo.

Hata tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ilianza karibu na mlango huu. Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance, huko Kikuyu, waliandika na kuigiza michezo ya Kiswahili ambayo baadhi yake ilichapishwa baadaye. Miongoni mwake ni Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria (1957) na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi (1961). Anwani hizi zenyewe zinatufaa. Katika ile ya kwanza kitenzi cha mapenzi kinafuatwa papo hapo na kiunganishi cha kukipinga, kisha nukta za kukatiza usemi. Tunaweza kusema kwamba neno "lakini" ndilo kiini cha kila futuhi ya mapenzi, na kwamba swali la kwanza la mhakiki ni: nani analitamka? Katika muundo wa Frye hulitamka baba. Katika futuhi za Kibera na Kawangware hulitamka mpenzi mwenyewe.

Chumba, pazia na majirani

Sababu ya mageuzi haya imo katika historia ya makazi. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kama kibarua mpita njia. Alitafutiwa mahali pa kulala kama mtu asiye na jamaa, ilhali mke, watoto na wazee walitarajiwa kubaki mashambani. Ukoloni uliondoka, lakini mgawanyiko huo haukuondoka nao. Hata leo mkazi wa Kawangware huweza kukuambia kwamba ana chumba Nairobi na nyumba kwao. Mahari, iwe ni ruracio ya Wakikuyu au ayie ya Waluo, huzungumziwa kule. Kodi hulipwa huku. Mzee mwenye kauli juu ya mahari hana kauli juu ya kodi, wala hajui nani analala wapi. Uchumba wa mjini huishi katika pengo hilo.

Chumba chenyewe kinafahamika: futi kumi kwa kumi, kuta za mabati au udongo, na pazia linalotenga kitanda na upande wa wageni. Vijana hukiita keja. Mtunzi wa futuhi hupewa hapo jukwaa lililokwisha kujengwa. Mlango ni mmoja, kwa hiyo anayeingia hana budi kukutana na anayetoka. Pazia humficha mtu bila kumzuia kusikia. Bati hupitisha kila neno kwa jirani, na kwa hivyo ugomvi wa wapenzi huwa na hadhira kabla ya kamera kufika. Majirani hao hufanya kazi ya kiitikio katika tamthilia ya kale: hucheka, hushauri, huegemea upande, na mambo yakichacha hugeuka mashahidi.

Ndani ya chumba hiki swali la mamlaka huanzia kwenye vitu vidogo. Mwanamume akimkabidhi mpenzi wake ufunguo wa pili, amempa nini hasa? Mwanamke akileta beseni, kisha jiko, kisha sanduku la nguo, amehamia siku gani? Futuhi hupata kicheko chake katika utata huu, lakini utata wenyewe si wa kubuni. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi uliobainisha masharti ambayo lazima yatimizwe ndipo watu walioishi pamoja kwa muda mrefu bila arusi wadhaniwe kuwa mke na mume, ikasisitiza kwamba dhana hiyo itumiwe kwa nadra. Anayeleta beseni lake bila ahadi, basi, hawezi kutegemea kwamba miaka itampa haki ambayo maneno hayakumpa. Mchezo unaomwonyesha akiliingiza beseni hilo kwa hila, kidogo kidogo, unagusa jambo ambalo majaji wenyewe walilipima kwa uangalifu.

Hapa ndipo uchumba unapoachana na ndoa kama malighafi ya vichekesho. Watazamaji wa Kenya walilelewa na Vitimbi ya shirika la utangazaji la KBC, ambamo Mzee Ojwang' (Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015) na Mama Kayai (Mary Khavere) walizozana kwa miaka mingi. Mzozo wao ulichekesha kwa sababu haukuweza kuvunja kitu: juma lililofuata wangekuwa pale pale, mume na mke. Wachumba wa keja hawana dhamana hiyo. Yeyote kati yao anaweza kutoka kwa mlango ule mmoja na asirudi. Kila hila yao inabeba hatari, na hatari hiyo ndiyo inayoifanya futuhi ya uchumba kuwa ngumu kuitunga vizuri.

Nauli

Hakuna kisa kinachoudhihirisha mvutano huu kuliko kisa cha nauli. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, pesa zimeweza kusafiri peke yake, bila mjumbe wala shahidi. Kichekesho kikazaliwa, na sasa kinajulikana kutoka jukwaani hadi kwenye matatu: mwanamume anamtumia mwanamke nauli ili aje kumtembelea, pesa zinafika, mwanamke hafiki. Kitendo hicho kimepata jina, kula nauli, na jina hilo limekuwa msamiati wa kawaida wa mapenzi mjini.

Tukikichambua kisa hiki tutaona kwamba nauli ni posa iliyopunguzwa hadi ikabaki kiini chake. Anayelipia safari anadai kuamua mwendo wa msafiri. Anayeila nauli anaikataa posa hiyo bila kulazimika kutamka neno la kukataa, ambalo pengine lingemletea matusi. Kwa mtazamo huu mwanamke wa kisa hiki ni ndugu wa Sungura na wa Abunuwasi: mnyonge anayemshinda mwenye nguvu kwa akili, nasi tunamcheka aliyejidhania mwenye nguvu. Huo ni mkondo mkongwe na wenye heshima katika fasihi yetu simulizi.

Lakini Kibera na Kawangware zinautia doa mkondo huo. Katika ngano, tembo ni tembo. Katika keja, mwanamume aliyetuma nauli pengine ametuma chakula chake cha jioni. Naye ni mnyonge wa mtu mwingine. Mtunzi hodari hulijua hilo, akawaonyesha wanyonge wawili wanaohadaiana huku kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa tembo. Mtunzi mvivu husahau nusu moja ya kisa. Anamfanya mwanamke kuwa mwizi wa kudumu na mwanamume kuwa mhanga wa kudumu, kisha anamaliza mchezo kwa kofi, na hadhira inashangilia kana kwamba haki imetendeka.

Kofi hilo halistahili kupita bila kuhakikiwa. Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana jijini Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Katika mijadala ya umma inayofuata mauaji ya aina hiyo, hoja kwamba marehemu "alikula pesa za mtu" imesikika zaidi ya mara moja, ikisemwa kama maelezo na mara nyingine kama utetezi. Hatudai kwamba kichekesho kinaua. Tunadai kwamba hoja hiyo ina muundo ule ule wa futuhi iliyomalizwa kwa kofi: aliyepokea amepoteza haki ya kukataa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani haikuishia kwa mke na mume. Iliwajumuisha pia wachumba. Sheria, basi, iliutambua uchumba kuwa mahali ambapo mtu anaweza kudhulumiwa. Futuhi inayouona uchumba kuwa uwanja wa kicheko kitupu imebaki nyuma ya sheria, na si kawaida sanaa kujivunia kubaki nyuma.

Nyumba ya mwajiri

Mamlaka yanayogombaniwa kejani mara nyingi yamejifunzwa kwingine. Wanawake wengi wa Kawangware huvuka kila asubuhi kwenda kufua, kupika na kulea katika nyumba za Lavington na mitaa ya jirani. Huko hujifunza jinsi amri inavyotolewa na jinsi inavyokwepwa. Kipindi cha The Real House Helps of Kawangware, kilichoonyeshwa na KTN katikati ya miaka ya 2010, kilianzia hapo. Anwani yake iliyageuza maneno ya msururu mashuhuri wa Marekani unaofuatilia wake wa matajiri: mahali pa mke akaweka mfanyakazi wa nyumbani, na mahali pa mtaa wa kifahari akaweka Kawangware. Mbinu yake ilikuwa ya kuiga filamu za hali halisi, wahusika wakiizungumzia kamera moja kwa moja. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo Timothy Kimani, ajulikanaye kwa jina la Njugush.

Mbinu hiyo ina maana kwa mada yetu. Mfanyakazi wa nyumbani ni mtu ambaye huambiwa zaidi kuliko anavyoulizwa. Anapopewa kamera na nafasi ya kujieleza, hata katika upuuzi, mizani ya usemi hubadilika. Mwanamume anayemtongoza si tena msimulizi pekee wa mapenzi hayo: naye anasimuliwa, anapunjwa sifa, anacheleweshewa jibu. Auntie Boss! ya NTV ilichimba mgodi huo huo, na mwaka 2018 Nyce Wanjeri, aliyeigiza Shiru, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho katika tuzo za Africa Magic. Anwani ya kipindi hicho imeunganisha jina la undugu ambalo wenye nyumba wengi wa Nairobi humwitia mfanyakazi, na jina la mwenye amri. Mtazamaji huachiwa kazi ya kuamua nani kati ya wawili anastahili jina lipi.

Tulinganishe hali hiyo na Disconnect (2018), filamu ya David Gitonga na Michael Jones kuhusu vijana wa tabaka la kati jijini Nairobi. Humo wapenzi pia hupimana nguvu, lakini kila mmoja ana mlango wake wa kufunga. Wakikosana, kinachojeruhiwa ni moyo na fahari. Kawangware hujeruhiwa moyo, fahari, na mahali pa kulala. Tofauti hiyo si ya mandhari tu; ni tofauti ya uzito wa kicheko.

Mzee anaporudi

Tumesema kwamba futuhi dhaifu humwita mzee arudi. Mfano mwafaka ni Maria, tamthilia ya televisheni ya Citizen iliyoanza mwaka 2019, ambayo ilipendwa mno na ambayo ina futuhi nyingi ndani ya mahaba yake. Maria (Yasmeen Saiedi), msichana aliyelelewa katika mtaa wa mabanda, anaingia katika nyumba ya tajiri na kupendwa na Luwi (Brian Ogana), kijana wa nyumba hiyo. Nguvu ya tamthilia hii ni lugha na mwendo wa Maria: anajibu, anabisha, anatembea kama mtu asiyeomba ruhusa. Udhaifu wake ni kwamba swali la mtaani, la nani ataamua kati ya watu wawili wasio na kitu, linahamishiwa katika jumba lenye mwenyewe. Mamlaka yamepata mzee tena, na mzee huyo ni mali. Maria anabaki na haki ya kukubaliwa au kukataliwa, ambayo ni ndogo kuliko ile ya kuamua.

Mzee anaweza kurudi kwa sura mbaya zaidi. Togetherness Supreme (2010), filamu ya Nathan Collett iliyopigwa Kibera, inawahusu Kamau na Otieno, marafiki wa makabila mawili wanaompenda msichana mmoja, Alice, binti wa mhubiri. Mwanzo huo ungeweza kuwa wa futuhi. Lakini hadithi inaelekea kwenye uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoufuata, na kizingiti cha mapenzi kinakuwa kabila, yaani sauti ya wazee wa mbali ikiingia chumbani na kutoa amri. Filamu hii si kichekesho, nasi tumeitaja kwa sababu inatuonyesha ukingo wa kichekesho. Wapenzi hugombana kwa hila na kucheka wakati tu mamlaka yamo kati yao. Yakishatwaliwa na nguvu iliyo nje yao, kicheko hakina pa kusimama.

Kinyume chake ni Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman, iliyoandikwa na Billy Kahora na kupigwa Kibera pia. Abila, mvulana wa miaka 14, anamkuta baba yake amejikunyata akilia kwamba ameibiwa roho. Mzee hapa hakubaki mashambani. Yumo chumbani, ila hana nguvu. Abila anapewa mitihani saba ili amwokoe, na anayesimama upande wake ni Shiku, msichana wa rika lake. Wawili hawa ni watoto, na filamu haiwaiti wachumba. Hata hivyo imo ndani yake picha ya jambo ambalo futuhi nyingi za watu wazima zimeshindwa kulichora: msichana ambaye si tuzo inayongoja mwisho wa mitihani, bali mwenza anayeijua njia na kuisema. Mamlaka yaliyomponyoka baba hayanyakuliwi na mmoja wao.

Hitimisho

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Futuhi nyingi za uchumba zimeichukua methali hii kama kanuni: lazima mmoja ashindwe ndipo mchezo uishe. Lakini chumba cha futi kumi kwa kumi si zizi, na aliyelipa nusu ya kodi yake si ng'ombe wa mtu. Tumejaribu kuonyesha kwamba mvutano wa wachumba wa Kibera na Kawangware hautokani na ukaidi wa wanawake wa kisasa wala na ubahili wa wanaume wa mjini, kama vichekesho vyepesi vinavyodai. Umetokana na historia iliyowaacha vijana wawili na maamuzi ambayo zamani yalikuwa ya ukoo mzima, bila kuwaachia ukoo wenyewe wala mali yake.

Ni mzigo huo, lakini pia ni nafasi. Kwa mara ya kwanza watu wawili maskini wanaweza kujadiliana masharti ya maisha yao bila mtu wa tatu kuwaamulia. Mtunzi atakayekubali kukaa nao humo ndani, asikimbilie jumba la tajiri wala kofi, atakuwa na futuhi ambayo hadhira yetu bado inaingoja. Nayo itahitaji wahakiki walio tayari kuisoma kwa uzito ule ule wanaoisomea tanzia.